Pikipiki ya safari ndefu hukimbia kasi gani?

Mwaka 1999 kampuni ya Suzuki ya Japan iliingiza sokoni Hayabusa, pikipiki iliyopewa jina la ndege kozi. Ilipopimwa, ilivuka kilomita 300 kwa saa. Kwa hofu ya kuwekewa sheria kali barani Ulaya, watengenezaji wakubwa walikubaliana kutovuka kiwango hicho.

Pikipiki zenye kasi zilizoundwa kwa safari ndefu, kama Yamaha FJR1300 iliyotoka mwaka 2001, zina kioo cha kukinga upepo na masanduku ya mizigo ubavuni. Hiyo hufikia takriban kilomita 240 kwa saa.

Upepo ndio kizuizi

Kasi ikiongezeka maradufu, upinzani wa hewa huongezeka mara nne, na nguvu ya injini inayohitajika kuushinda huwa mara nane. Masanduku na abiria huipunguza kasi zaidi. Aidha, kipimamwendo kwa kawaida huonyesha kasi inayozidi kidogo ile halisi.

Sheria na breki

Katika kitongoji cha Kenmore, kaskazini mwa Buffalo nchini Marekani, uwezo huo hauna pa kutumika. Kikomo cha juu katika jimbo la New York ni maili 65 kwa saa, yaani kilomita 105.

Dereva akienda kilomita 210 kwa saa, breki zitahitaji umbali wa takriban mara nne kuisimamisha pikipiki, mbali na zile mita zinazopita kabla hajazishika.