Siri Iliyokuwa na Mwalimu: Jinsi Bujumbura Ilivyozungumza na Vijana Wake juu ya Baleghe

Katika mtaa wa Buyenzi, mjini Bujumbura, ambako barabara hujulikana kwa nambari na ambako Kiswahili humfikia mgeni sikioni kabla ya Kirundi na Kifaransa, mpita njia akikatiza wakati wa alasiri karibu na madrasa yoyote atawasikia watoto wakizihesabu kwa sauti moja alama tatu za mtu kubaleghe: kutimiza miaka 15, kwa mwanamume na kwa mwanamke, kuota ndoto ya utu uzima baada ya umri wa miaka 9, na, kwa msichana, kupata hedhi baada ya umri huohuo. Masomo hayo yametoka katika Safinatun Najaa, kijitabu cha fiqhi ya Imamu Shafii kilichotungwa na Salim bin Sumair wa Hadhramaut, aliyefariki Batavia mwaka 1855, na ambacho vyuo vya pwani na vya bara vimekisomesha kizazi baada ya kizazi. Wala hakuna kicheko darasani. Mwalimu anachokisahihisha ni matamshi, na akiona mtoto anasitasita humkumbusha kwamba katika kujifunza dini hapana haya.

Mtoto huyohuyo, aliyelitamka neno la hedhi mbele ya wenzake wote pasipo kutahayari, akirudi nyumbani magharibi hathubutu kulitamka mbele ya mama yake. Na mama naye, ambaye alisoma kijitabu kilekile alipokuwa mdogo, akiulizwa huinama juu ya chungu chake akajifanya hakusikia. Ajabu hii ina tarikhi yake, na tarikhi hiyo si ile tuliyozoea kuambiwa. Aghalabu husemwa kwamba wazee wetu hawakuyanena mambo ya ukubwani, na kwamba kuyanena ni ugeni ulioletwa na shule, hospitali na redio. Ukweli ni kwamba wazee waliyanena sana, walakini waliyapitishia mlango mmoja, na mlango huo walimwekea bawabu.

Pwani, bawabu huyo alikuwa na jina. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mwana wa Bagamoyo aliyefika Berlin kusomesha Kiswahili, alieleza mila za jando na unyago katika maandiko yaliyochapishwa na Carl Velten huko Göttingen mwaka 1903 kwa jina la Desturi za Wasuaheli, na kila aisomaye habari hiyo huona jinsi kazi ilivyogawanywa kwa uangalifu. Mvulana alipelekwa jandoni, akatahiriwa na ngariba, akakaa na watu wazima waliomfunza adabu za kiume. Msichana akivunja ungo aliwekwa ndani, akaitwa mwari, akakabidhiwa kwa somo au kungwi, mwanamke mtu mzima aliyechaguliwa kwa siri yake na kwa akili yake. Huyo ndiye aliyemfunza usafi wa mwili, hesabu ya siku zake, na mambo ya nyumba. Mama mzazi alikaa kando kwa makusudi, kwa kuwa kati ya mama na binti kuna haya ambayo watu wa zamani waliiona kuwa ni staha ya kulindwa, wakatafuta mtu wa tatu ili elimu ipite na staha ibaki.

Wako waliouvuka mpaka huo. Mwana Kupona wa Siu, alipokuwa mgonjwa mnamo mwaka 1858, alimtungia binti yake Mwana Hashima utendi wa wosia unaohusu dini, adabu na maisha ya mke na mume. Na utendi huo umedumu kwa sababu nyingi, mojawapo ikiwa ni kwamba hapo mama amesema mwenyewe yale ambayo desturi ilimpa mwingine ayaseme. Huko Unguja kazi ya kungwi iliendelea hata zama zetu: Fatuma binti Baraka, aliyejulikana ulimwenguni kote kwa jina la Bi Kidude, na aliyefariki tarehe 17 Aprili 2013, alikuwa mwimbaji wa taarabu mbele ya walimwengu, lakini mbele ya wanawake wa kisiwa alikuwa pia mfunzi wa unyago na mpiga ngoma yake.

Maneno hayo ya mwari, somo na kungwi yalisafiri na watu. Katika karne ya 19 misafara ilifika Ujiji, na kutoka Ujiji mitumbwi ilikwenda pande zote za ziwa Tanganyika. Mfanyabiashara Muhammad bin Khalfan, aliyeitwa Rumaliza, alijaribu kuingia Urundi, yaani Burundi ya leo, kwa nguvu akarudishwa na majeshi ya Mwami, yaani mfalme, Mwezi Gisabo, lakini pale palipozuiwa bunduki hapakuzuiwa lugha. Wajerumani walipojenga boma Usumbura, Bujumbura ya leo, mwishoni mwa karne ile, askari, wapagazi na wachuuzi waliokaa kandokando yake walikuwa watu wa pwani, wa Ujiji na wa Manyema. Na Wabelgiji, walioutwaa mji huo mwaka 1916, waliwakuta wakiwa wenyeji. Ndiyo asili ya Waswahili wa Buyenzi.

Juu ya milima, Warundi nao walikuwa na mlango wao, ingawa haukuwa na ngoma wala kumbi. Bawabu wao alikuwa senge, yaani shangazi, dada wa baba. Msichana akianza kupevuka, senge ndiye aliyemchukua kando akamweleza mabadiliko ya mwili wake, na akaendelea kumwelekeza hata siku ya harusi. Mvulana aliyapata yake miongoni mwa wanaume, jioni, karibu na moto. Yamkini Mswahili wa ziwani na Mrundi wa mlimani wasingekubaliana juu ya mengi, lakini katika hili walikubaliana pasipo kukutana: kwamba mtoto asiachwe bila mtu, na kwamba mtu huyo asiwe mama wala baba.

Tusiwapambe wazee kuliko walivyokuwa. Mafunzo yao yalikuwa na upungufu mkubwa: yalimfunza mwari kumridhisha mume kuliko kuujua mwili wake, yalimfunza kutii kuliko kukataa, na mara nyingi yalimfikia ndoa ikiwa mlangoni. Na aliyepotea njia hakuonewa huruma. Katika ziwa Bunyonyi, nchini Uganda, kipo kisiwa kidogo kiitwacho Akampene, ambako Wakiga, watu wa huko, waliwatupa wasichana waliochukua mimba kabla ya kuolewa, wakiwaacha wafe kwa njaa au kwa maji, isipokuwa aliyetokea mwanamume asiye na mahari akamchukua. Mvulana aliyempa mimba hiyo hakuwa na kisiwa chake.

Basi mlango huo ulifungwaje? Haukufungwa siku moja. Mapadri Weupe, waliofungua misheni ya Muyaga mwaka 1898 na kuendelea hata wakaifanya Urundi kuwa nchi ya Wakatoliki wengi, walileta katekisimu iliyoutaja mwili katika mlango wa dhambi, na mafundisho ya senge yakaonekana kuwa mambo ya kishenzi ambayo Mkristo mwema hana budi kuyaacha. Kisha mji ukakua. Msichana aliyeshuka kutoka mlimani kuja Usumbura kwa kazi au kwa ndoa alimwacha senge wake nyuma, mwendo wa siku mbili, na katika nyumba ya kupanga hapakuwa na wa kushika nafasi yake.

Serikali nayo ilikuwa na namna yake ya kuyanena mambo haya, nayo ilikuwa ni kodi. Katika miaka ya 1950 Wabelgiji waliwatoza wanawake wa Usumbura walioishi bila mume, na wanawake wa Buyenzi, ambao wengi wao walikuwa Waislamu, wajane na walioachwa kwa talaka ya halali, wakaghadhibika mno, wakasema kwamba kodi hiyo inamwandika malaya kila mwanamke aliyefiwa na mumewe. Kisa hicho kiliandikwa na mwanahistoria Nancy Rose Hunt mwaka 1991, na kinastahili kukumbukwa mjini kwetu, kwa kuwa wale waliofedheheshwa ndio hasa waliokuwa na umri wa kuwa makungwi na mashangazi. Mtu akishavunjiwa heshima yake namna hiyo, nani atampelekea binti amfunze?

Uhuru ulipopatikana tarehe 1 Julai 1962, na Usumbura ikawa Bujumbura, kizazi kipya cha wazazi kilikuwa kimerithi nusu ya desturi: kilirithi haya, hakikurithi mwalimu. Zamani ilikuwa siri, na siri ina mwenye kuitunza na mwenye kupewa. Sasa ukawa ukimya mtupu, ambao vijana waliujaza kwa uvumi wa vichochoroni.

Maradhi ndiyo yaliyouvunja. Mwaka 1983 ugonjwa wa Ukimwi, ambao Bujumbura watu huuita SIDA, ulitambuliwa kwa mara ya kwanza nchini, na kwa miaka kumi watu walizikana wakitaja homa, kifua au kurogwa. Mwaka 1991 ilianzishwa ABUBEF, jumuiya ya ustawi wa familia, na mwaka 1993 Jeanne Gapiya-Niyonzima, wa kwanza nchini kujitangaza hadharani kuwa ana virusi, akaanzisha ANSS, jumuiya ya kuwasaidia wagonjwa. Mwaka huohuo, mwezi wa Oktoba, Rais Melchior Ndadaye aliuawa na vita vikaanza. Maelfu ya wasichana wakajikuta katika kambi za wakimbizi, mbali na jamaa zao, wakati ambapo walihitaji kujua zaidi kuliko dada zao wa zamani. Nchi nyingine za Afrika Mashariki zilianza kusema kwa kalamu: Uganda lilitokea gazeti la vijana liitwalo Straight Talk mwaka 1993, na Tanzania jarida la Femina mwaka 1999, ambamo kijana aliuliza swali akajibiwa bila kugombezwa.

Shule ya Burundi ilifuata. Mwaka 2005 ada za shule za msingi zilifutwa, madarasa yakafurika, na pamoja na wingi huo zikaja mimba za wanafunzi, hata serikali na washirika wake wakaanzisha kampeni ya kuziondoa kabisa shuleni. Tarehe 7 Desemba 2013, huko Cape Town, mawaziri wa elimu na wa afya wa nchi 20 za mashariki na kusini mwa Afrika, Burundi ikiwamo, waliahidi kuwapa vijana elimu ya kweli juu ya miili na afya zao. Na kati ya mwaka 2016 na 2020 mradi uliogharimiwa na Uholanzi, wenye jina la Kirundi Menyumenyeshe, maana yake ujue na uwajulishe wengine, uliipeleka elimu hiyo madarasani na katika vituo vya vijana. Njia haikunyooka: katikati ya mwaka 2018 wizara ya elimu iliamuru wasichana waja wazito, pamoja na wavulana waliowapa mimba, watolewe katika shule za kawaida. Malalamiko yalikuwa makubwa, na amri hiyo haikudumu.

Lililo na maana zaidi kuliko amri na mikutano yote hiyo ni jambo dogo ambalo shule zenyewe zilifanya. Walichaguliwa walimu wa kike na wa kiume wa kuwasikiliza vijana faraghani, na majina waliyopewa, kwa Kifaransa cha shuleni, ni shangazi wa shule na baba wa shule. Baada ya misheni, kodi, maradhi, vita na miradi, nchi imezunguka ikarudi mlangoni kwa senge. Safari hii bawabu amepewa pia wavulana, na amefundishwa kumwambia msichana kwamba ana haki ya kukataa, jambo ambalo senge wa zamani hakulisema.

Walakini senge wa mlimani alikuwa na binti za kaka zake tu, akiwajua tangu walipobebwa mgongoni. Shangazi wa shule ana mamia, na kengele ikilia huondoka. Kwa hiyo kazi imebaki nyumbani, kwa mama aliyeinama juu ya chungu. Halazimishwi kuwa kungwi. Anaweza kumtafuta dada wa mumewe, au jirani mwenye murua, kama bibi zake walivyofanya Ujiji, akamwambia: mtoto huyu amefika, naomba uzungumze naye. Asije akadhani kwamba anamfungua binti masikio. Neno lenyewe binti alilileta kutoka madrasa alasiri ileile, ameshalihifadhi pamoja na alama zake tatu, na anangoja wa kumweleza linamhusu nini yeye.