Mashine ya Hali ya Hewa na Wafasiri wa Kanada

Siku hizi, kila tukutanapo katika chumba cha walimu, swali ni lile lile: akili bandia ikishaingia ofisini, mfasiri atabaki na kazi gani? Swali hili si geni. Tukirudi nyuma kidogo katika historia, tutaona kuwa jibu lilitegemea viongozi wa kazi kuliko mashine yenyewe.

Tarehe 7 Januari 1954, jijini New York, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Georgetown na kampuni ya IBM walionyesha kompyuta ikitafsiri sentensi zaidi ya 60 kutoka Kirusi hadi Kiingereza. Ilikuwa na msamiati wa maneno 250 na kanuni sita tu za sarufi. Hata hivyo, ilitabiriwa kuwa baada ya miaka michache tatizo la tafsiri lingekwisha. Halikwisha. Mwaka 1966 kamati ya ALPAC nchini Marekani iliripoti kuwa tafsiri ya mashine ilikuwa duni na ghali kuliko ya binadamu. Ufadhili ukapungua sana.

Kanada ilianza kwingine. Taarifa za hali ya hewa zilihitajika kila siku kwa Kiingereza na Kifaransa. Kutafsiri mawingu, mvua na upepo, leo kama jana, kuliwachosha wafasiri, na wengi hawakukaa katika kazi hiyo. Ndipo watafiti wa Chuo Kikuu cha Montréal walipounda programu ya METEO, iliyoanza kutumika mwaka 1977. Sentensi iliyoishinda haikuibahatisha, bali iliikabidhi kwa mfasiri. Hapo mwanzo ilimudu takriban asilimia 80 ya sentensi. Wafasiri wenyewe walisaidia kuiboresha, nayo ikadumu hadi mwaka 2001.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: mashine hiyo ilifaa. Lakini ilifaa kwa sababu ilipewa mzigo uliowaelemea watu, na mwenye neno la mwisho alibaki binadamu. Watafiti hao hao walipojaribu miongozo ya ufundi wa ndege, yenye lugha pana zaidi, gharama ziliwashinda na mradi ukasitishwa mwaka 1981.

Hapa Uganda, Baraza la Mawaziri liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi mnamo Julai 2022. Nyaraka za kutafsiriwa zitaongezeka, na wakuu wa ofisi watavutiwa na njia ya mkato. Rai yetu kwao ni hii: kabla ya kununua programu, waulizeni wafasiri wenu ni kazi gani inayowachosha bure, na ni ipi isiyofaa kuachiwa mashine. Nasi walimu tuwafunze wanafunzi wetu kuisahihisha tafsiri ya mashine, maana anayeweza kuona kosa lake ndiye atakayehitajika.