Mwaka wa Lugha: Kichina Kutoka Reli ya Uhuru hadi Chimwaga

Vijana wapatao 200 wa Tanzania na Zambia waliofika Beijing mwaka 1972 walikuwa wamekwenda kusomea reli. Chuo Kikuu cha Jiaotong cha Kaskazini kilikuwa kimepewa kazi ya kuwaandaa kuwa mafundi na wasimamizi wa TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia. Lakini injini, ishara, mawasiliano na uendeshaji wa treni vilifundishwa kwa Kichina, kwa hiyo wageni hao walianzia darasa la lugha. Kabla ya kushika spana, ilibidi wajue kuomba maji ya kunywa na kuelewa mwalimu anaposema kipindi kimekwisha. Mwaka 1975 walihitimu 179. Mwaka uliofuata reli yao, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ilikabidhiwa rasmi kwa serikali za nchi hizo mbili.

Hakuna kati yao aliyekuwa ameomba kusoma Kichina. Lugha ilikuwa ushuru wa getini: ukishalipa, unaingia kwenye kile ulichotumwa kukifuata.

Leo, kwenye vilima vya Chimwaga nje kidogo ya mji wa Dodoma, mambo yamegeuka. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma anaweza kulipiwa ada, chumba na posho ya mwezi ili akajifunze Kichina chenyewe, bila reli wala udaktari nyuma yake. Nyuma ya mageuzi hayo kuna historia ndefu, iliyoanza hata kabla ya 1972, na sehemu kubwa ya historia hiyo inahusu nani alilazimika kujifunza lugha ya mwenzake.

Mwanzo wake haukuwa mzuri. Waafrika wa kwanza waliopewa ufadhili na China walifika Beijing mwishoni mwa miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, Wazanzibari wakiwemo, wakati Zanzibar bado iko chini ya ulinzi wa Waingereza. Emmanuel John Hevi, kijana wa Ghana aliyesoma huko, alichapisha kitabu mwaka 1963 kueleza yaliyowapata: mwaka mzima wa lugha wenye siasa nyingi kuliko sarufi, upweke, na macho ya watu barabarani. Machi 1962 mwanafunzi mmoja wa Zanzibar alipigwa katika hoteli moja ya Beijing, ugomvi ulioanzia kwenye kununua sigara, na Waafrika wenzake wakapandwa na hasira. Kwa hesabu ya Hevi, kati ya wanafunzi 118 wa Kiafrika waliokuwepo, 96 waliondoka. Kitabu chake kilipendwa sana na wapinzani wa China, kwa hiyo kisomwe kwa tahadhari. Hata hivyo, malalamiko yake kuhusu kusoma lugha bila kuwa na mtu wa kuzungumza naye nje ya darasa yanaaminika kwa urahisi.

Siasa ilikwenda mbio kuliko madarasa. Februari 1965 Mwalimu Nyerere alizuru China, na Juni mwaka huohuo Waziri Mkuu Zhou Enlai akaja Tanzania. Mkataba wa reli ulitiwa saini Beijing Septemba 1967. Wakati huo vyuo vya China vilikuwa vimeshafungwa na Mapinduzi ya Utamaduni yaliyoanza 1966, na wanafunzi wa kigeni walikuwa wamerudishwa makwao. Ndiyo sababu kundi la 1972 lina nafasi ya pekee: lilipokelewa kwa ajili ya mradi mmoja mahususi, kabla China haijafungua tena milango kwa wanafunzi wa kigeni kwa jumla mwaka 1973.

Je, Dodoma ilikuwa wapi katika haya yote? TAZARA haikupita huko. Ilishuka kusini kwa Mlimba na Makambako, ikaiacha nyanda ya kati na reli yake ya Mjerumani. Kichina kilifika Dodoma kwa njia ya hospitali. Kuanzia 1968 jimbo la Shandong lilileta timu za madaktari Tanzania Bara, na Dodoma ikawa moja ya mikoa iliyowapokea. Daktari aliyetoka Jinan hakujua Kiswahili, na bibi aliyeletwa kutoka kijijini huenda alizungumza Kigogo tu. Maelezo ya maumivu ya tumbo yalipaswa kuvuka mara mbili: muuguzi akiyatoa kwenye Kigogo kuyaingiza kwenye Kiswahili, na mkalimani wa timu akiyachukua kutoka hapo kuyapeleka kwenye Kichina. Jibu nalo lilirudi kwa njia ileile.

Mkalimani huyo aliandaliwa kwao. China ilikuwa imeanza kufundisha Kiswahili vyuoni Beijing kabla hata ya uhuru wa Tanganyika, na Septemba 1961 Redio Peking ilianza matangazo yake ya Kiswahili. Kwa zaidi ya miaka 40, mzigo wa lugha upande wa nyanda ya kati ulibebwa na Wachina. Mtu wa Dodoma aliyetaka huduma yao hakulazimika kujua hata neno moja la Kichina.

Hali ilianza kubadilika katika karne hii, na mabadiliko yalianzia kwenye mikutano ya wakuu wa nchi. Jukwaa la Ushirikiano wa China na Afrika lilizaliwa mwaka 2000. Kwenye mkutano wa Beijing wa 2006 China iliahidi kuongeza nafasi za ufadhili wa serikali yake kwa Waafrika kutoka 2,000 hadi 4,000 kwa mwaka. Johannesburg mwaka 2015 ahadi ilifika nafasi 30,000 kwa miaka mitatu, na Beijing mwaka 2018 ikapanda hadi 50,000. Taasisi za Confucius, vituo vya China vya kufundisha Kichina ambavyo cha kwanza kilifunguliwa Seoul mwaka 2004, ziliingia Afrika kupitia Chuo Kikuu cha Nairobi mwishoni mwa 2005.

Wakati huo Dodoma haikuwa na chuo kikuu cha umma. Kilianzishwa mwaka 2007 pale Chimwaga, jina lililojulikana nchi nzima kwa sababu ya ukumbi ambamo CCM ilifanyia mikutano yake mikuu. Rais mstaafu Benjamin Mkapa akawa Mkuu wa Chuo wa kwanza, na mipango ikazungumzia wanafunzi 40,000. Majengo yalitapakaa kwenye vilima hadi mgeni anayetoka ndaki moja kwenda nyingine akahitaji daladala. Chuo kipya, kikubwa, kilicho katika mji uliotangazwa kuwa makao makuu tangu 1973, kilikuwa mahali pazuri kwa mshirika anayetafuta pa kuweka mguu.

Machi 2013 Rais Xi Jinping alifika Dar es Salaam, na katika hotuba yake alitaja tamthilia ya Kichina ya Mao Doudou na mama wakwe zake, iliyotiwa sauti za Kiswahili na kuoneshwa na TBC. Watazamaji wa Tanzania walikuwa wameipenda kweli. Ugomvi wa mke na mama mkwe hauhitaji maelezo ili ueleweke. Mwaka huohuo Taasisi za Confucius zilianza katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na katika Chuo Kikuu cha Dodoma.

Mshirika wa Dodoma alikuwa Chuo Kikuu cha Masuala ya Anga cha Zhengzhou. Chaguo hilo linashangaza kidogo, kwani chuo hicho kinajulikana kwa uendeshaji wa viwanda vya ndege na biashara kuliko ushairi wa enzi ya Tang. Lakini Zhengzhou ni mji mkuu wa jimbo la Henan, na Henan ndiko inakotoka CHICO, kampuni ambayo jina lake limeandikwa kwenye mabango ya barabara nyingi za Tanzania. Mtu wa Kondoa au Singida aliyewahi kufanya kibarua kwenye saiti ya Wachina huenda alishasikia lafudhi ya Henan miaka kadhaa kabla mwalimu wa kwanza hajaingia darasani Chimwaga.

Wanafunzi wa darasa hilo hawakuwa wageni wa lugha. Nyanda ya kati, hasa kutoka Kondoa na Chemba hadi Singida na Manyara, ni moja ya sehemu chache barani ambako makundi makubwa ya lugha za Afrika yanakutana: Wagogo, Warangi na Wanyaturu kwa upande wa Kibantu, Waburunge na Wairaqw kwa upande wa Kikushi, Wabarabaig na Wamasai kwa upande wa Kinailoti, na Wasandawe wenye vidoko vyao ambavyo wataalamu bado wanabishana vihusishwe na nani. Kijana wa hapa hufika chuoni akiwa na lugha mbili au tatu, Kiingereza kikiwa cha mwisho na kigumu kuliko zote. Toni za Kichina humtesa zaidi aliyekulia kwenye Kiswahili peke yake. Aliyelelewa kwenye Kirangi au Kisandawe amezoea tangu utoto kwamba sauti ikipanda au ikishuka maana inaweza kubadilika. Hajawahi kuambiwa tu kwamba hicho ni kipaji.

Herufi ndizo zinazowasawazisha wote. Daftari la mazoezi lina viboksi vilivyogawanywa kwa mistari hafifu, kila herufi ndani ya kiboksi chake, kila mstari ukichorwa kwa mpangilio: mlalo kabla ya wima, kushoto kabla ya kulia. Ukikosea mpangilio, mwalimu ataliona kosa hata kama herufi imefanana na ya kitabuni.

Mlango wa ufadhili ni HSK, mtihani wa kupima Kichina cha wageni. Katika mfumo wa ngazi sita uliotumika kwa miaka mingi, ngazi ya tatu ilidai maneno 600, na alama zake zilikuwa 300. Kufaulu kulihitaji 180. Kwa ufadhili wa mwaka mmoja wa lugha, kufaulu tu hakukutosha. Mwombaji alitakiwa apate 210 na afanye pia mtihani wa kuzungumza. Kulikuwa na ufadhili wa muhula mmoja kwa wenye alama za chini kidogo, na wa juu zaidi kwa wanaotaka shahada ya kwanza au ya uzamili ya kufundisha Kichina kwa wageni. Posho ilikuwa yuani 2,500 kwa mwezi kwa mwanafunzi wa lugha na yuani 3,000 kwa wa uzamili. Kwa mwanafunzi aliyezoea kusubiri "bumu" la Bodi ya Mikopo, pesa ambayo atadaiwa akianza kazi, posho isiyorudishwa ni habari kubwa.

Kichina hakiko peke yake Chimwaga. Kijapani nacho kimefundishwa hapo kwa msaada wa vijana wa kujitolea wa JICA, shirika la misaada la Japani; vijana wa kujitolea wa Kijapani wapo Tanzania tangu 1967. Lakini tofauti ya ukubwa inaonekana hata mtu asipoitafuta: kwa Kijapani ni mwalimu wa kujitolea anayemaliza muda wake na kuondoka, kwa Kichina ni taasisi yenye mkurugenzi, bajeti na ngazi za ufadhili.

Huko Ulaya na Marekani, Taasisi za Confucius zimezua mabishano makali kuhusu uhuru wa vyuo. Chuo Kikuu cha Chicago kiliachana na yake mwaka 2014, na Sweden ilikuwa imefunga zote kufikia 2020. Mwaka huo China iliivunja Hanban, ofisi iliyozisimamia, na kuzihamishia kwenye wakfu mpya. Ufadhili nao ukabadilishwa jina. Dodoma mabadiliko hayo yalipita bila kelele. Swali linaloulizwa vyumbani mwa hosteli ni la mkate zaidi: nikirudi, nani ataniajiri?

Majibu yamekuwa mawili. Tangu 2016 Kichina kimekuwa somo la hiari katika baadhi ya sekondari za Tanzania, na somo likiwepo, mwalimu Mtanzania anahitajika. Wachina wa mkataba wa mwaka mmoja au miwili hawawezi kulibeba milele. Jibu la pili ni saiti. Mkandarasi wa Kichina anayejenga barabara au uwanja wa ndege anamhitaji mtu anayeweza kusimama kati ya injinia na vibarua, akamweleza huyu sababu ya mvua kuchelewesha zege na wale sababu ya malipo kuchelewa. Kazi hiyo inalipa haraka kuliko ualimu, na inachosha zaidi. Shahada ya kufundisha lugha inaishia mara nyingi kwenye kofia ya plastiki na vumbi, jambo ambalo waliobuni ufadhili huenda hawakulikusudia, ingawa haliwaudhi.

Korona iliupima mfumo huu vibaya. China ilifunga mipaka mwanzoni mwa 2020 na haikuanza kuwarudishia wanafunzi viza kwa upana hadi Agosti 2022. Waliokuwa wameshinda ufadhili walisoma kwa intaneti wakiwa nyumbani. Kipindi cha saa mbili asubuhi Zhengzhou ni saa tisa usiku Dodoma. Kilichotakiwa hapo kilikuwa bando, simu yenye chaji, na ujirani mwema na wanaolala chumba kimoja.

Ufadhili huu una tundu moja ambalo ule wa zamani haukuwa nalo. Vijana wa TAZARA walichaguliwa, wakasafirishwa na wakatunzwa kwa mipango ya serikali. Anayekwenda leo kwa ufadhili wa lugha anaomba mwenyewe, anapeleka mwenyewe karatasi za uchunguzi wa afya, anafuata viza ya masomo ya X1 Dar es Salaam, na kwa kawaida nauli ya ndege haimo kwenye ufadhili. Ukoo unachangishana. Familia yenye shamba la zabibu Mpunguzi au Hombolo huvuna mara mbili kwa mwaka, na mavuno ya Agosti na Septemba huangukia wakati ambapo vyuo vya China vinafungua mwaka mpya. Wasio na zabibu huuza mbuzi, au hukopa VICOBA na kuanza kulipa kwa posho ya mwezi wa kwanza.