MITISHAMBA NA MAUMIVU: HISTORIA YETU WATU WA MPAKANI



Wapenzi wasomaji, anayeishi Tiira hahitaji kuelezwa maumivu ni nini. Huu ni mji wa wachimba dhahabu, na kazi hiyo ipo wilaya ya Busia tangu miaka ya 1930. Kuinama shimoni, kuponda mawe na kubeba mizigo huacha mgongo na magoti yakiuma. Si ajabu mtu kuanza kwa bibi anayejua majani, halafu duka la dawa, na hospitali ikaja mwisho. Je, wazee wetu walituliza vipi maumivu kabla ya vidonge? Na elimu yao ina nafasi gani leo?

MITI HAIJUI MPAKA

Mwaka 1902 Waingereza waliliondoa Jimbo la Mashariki la Uganda na kulitia katika nchi ambayo baadaye iliitwa Kenya. Wasamia na Wateso wakajikuta wako pande mbili, ndugu huku na ndugu kule. Dawa zao hazikugawanyika. Mti mchungu ambao Waganda huuita mululuza, Wajaluo huuita olusia, na majani yake hutumika kwa maumivu ya tumbo na homa. Gamba la Warburgia ugandensis, mti unaobeba jina la Uganda, hutafunwa jino linapouma. Wamaasai huuita osokonoi.

Watu wa pwani nao walikuwa na zao. Misafara ya Waswahili ilipita Mumias, kwa Nabongo Mumia, ikielekea Uganda, na kwa njia hiyo Uislamu ulienea sehemu hizi. Huko pwani karafuu ya Unguja na Pemba ilijulikana kwa kutuliza jino, na haikuwa imani tupu. Karafuu ina mafuta yaitwayo eujenoli ambayo hufisha ganzi, na madaktari wa meno wanayatumia hadi leo.

UPASUAJI WA KAHURA, 1879

Kisa kikubwa zaidi kinatoka Bunyoro. Mwaka 1879 Robert Felkin, kijana Mwingereza aliyekuwa akisomea udaktari, alishuhudia huko Kahura mwanamke wa miaka kama 20 akipasuliwa tumbo ili mtoto atolewe. Alichapisha habari hiyo Edinburgh mwaka 1884.

Mama alinyweshwa pombe ya ndizi mpaka akalewa nusu. Kwetu Waislamu pombe ni haramu, nasi tunasimulia yaliyotokea. Mganga alinawa mikono na kuosha tumbo la mama kwa pombe hiyo hiyo, kisha kwa maji. Damu ilizuiwa kwa chuma cha moto. Jeraha lilifungwa kwa misumari saba myembamba ya chuma, likapakwa dawa ya mizizi miwili iliyotafunwa, na kufunikwa kwa jani la mgomba. Felkin aliandika kwamba mama hakulia mpaka misumari ilipotiwa. Siku ya kumi na moja jeraha lilikuwa limepona, na mtoto alikuwa hai.

Tukumbuke kwamba dawa za usingizi, etha na klorofomu, zilianza kutumika katika upasuaji huko Marekani na Uingereza mwaka 1846 na 1847 tu. Waganga wa Bunyoro walikuwa na utaratibu wao, uliofanyiwa kazi na kufundishwana.

KUTOKA MMEA HADI KIDONGE

Mabingwa wa Kiislamu walichunguza mimea kwa makini. Ibn Sina (aliyefariki 1037) alieleza afyuni kama dawa kali ya kutuliza maumivu, na akaonya juu ya hatari yake. Ibn al-Baytar (aliyefariki 1248) aliorodhesha dawa zipatazo 1,400. Mwanzoni mwa karne ya 19 Mjerumani Sertürner alitoa mofini kutoka katika afyuni. Gamba la mti wa Ulaya uitwao willow lilifungua njia ya aspirini, iliyoanza kuuzwa mwaka 1899.

Mofini hiyo ina historia njema Uganda. Hospice Africa Uganda ilianzishwa mwaka 1993 na Dkt. Anne Merriman, ikawapa wagonjwa wa saratani mofini ya kunywa, unga uliochanganywa na maji. Mwaka 2004 Uganda iliruhusu wauguzi waliopata mafunzo maalumu kuiandika, jambo lililokuwa geni duniani. Asili yake ni ua la mpopi, lakini imepimwa, kipimo kinajulikana, na anayeitoa amefundishwa.

SHERIA NA HESHIMA

Wakati wa ukoloni mganga wa majani na mchawi walichanganywa. Hata hivyo Sheria ya Uchawi ya Uganda ya mwaka 1957 yenyewe ilisema kuuza dawa za kienyeji kwa nia njema si uchawi. Mwaka 2019 Uganda ilipata sheria maalumu ya tiba za asili. Nasi tutenganishe vivyo hivyo: majani ni tiba, lakini ramli na ushirikina si tiba.

TUCHUKUE NINI?

Mtume (S.A.W.) alitufundisha kujitibu, kwani kila ugonjwa una dawa yake. Lakini kitu cha asili si lazima kiwe salama. Tangawizi kwa viungo na karafuu kwa jino ni jambo jepesi. Dawa za kuharakisha uchungu wa uzazi ni jambo zito, kwani zinaweza kupasua kizazi na kuua mama na mtoto. Maumivu ya kifua, kichwa kinachouma ghafla na kwa nguvu, au mgongo unaoambatana na miguu kufa ganzi, hayo ni ya hospitali mara moja.

Wazazi, mwambieni muuguzi kila jani mlilokunywa, wala msione haya. Na nyinyi wanafunzi, kaeni na bibi na babu zenu, mwandike jina la kila mti kwa Kisamia, Kiteso au Kijapadhola, na kazi yake. Bibi akifariki kabla hamjaandika, elimu hiyo imezikwa naye.

Wallahu a'alam.