Waya Mmoja Chini ya Bahari

Msomaji mpenzi, ukitoka mjini ukaja kwetu Tunguu utaziona nguzo za umeme zimefuatana na barabara kama watoto wa skuli. Nani leo ana habari nazo? Mie ninayo, kwa sababu niliwahi kuziona zimesimama bure miezi mitatu.

Tuanzie mbali kidogo. Umeme wa Unguja ulitangulia kwa wakubwa. Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Sultani Barghash mwaka 1883, ndilo lililotangulia kuwaka taa za umeme. Sisi wa shamba tulibaki na kandili na koroboi. Baadaye mji ukawashwa na mashine za dizeli za Saateni, na mafuta yake lazima yaje kwa meli. Meli ikichelewa, kiza.

Mwaka 1980 ukalazwa waya chini ya bahari, kutoka Ras Kiromoni upande wa Dar es Salaam hadi Fumba, wenye uwezo wa megawati 45. Maji ya Mto Ruaha yakazungusha mashine kule Kidatu, taa zikawaka Unguja. Siku hizi watu husema "nishati safi" kama jambo jipya. Kumbe sisi tulishauacha moshi wa dizeli tangu wakati ule!

Lakini waya ulikuwa mmoja. Hoteli zikaongezeka, nyumba zikaongezeka, waya ukazeeka. Mei 2008 umeme ukakatika kisiwa kizima kwa karibu mwezi. Desemba 2009 ukakatika tena, na haukurudi mpaka Machi 2010.

Nilikuwa na miaka minane. Mama alikuwa akiuza barafu kwa watoto wa skuli, na kwa barafu hizo ndiyo tulikuwa tukila. Friji likageuka kabati la nguo. Pampu za maji nazo zikasimama, tukarudi kisimani na ndoo kichwani, foleni tangu alfajiri. Wenye pesa wakanunua majenereta, mji ukanguruma na kunuka mafuta. Yaani tulirudi kule kule Saateni, ila safari hii kila mtu na Saateni yake uwani. Na asiye na pesa? Mama alikwenda kuponda kokoto. Umeme uliporudi, friji halikuwaka tena, naye akabaki kwenye kokoto.

Mwaka 2013 ukazinduliwa waya mpya wa megawati 100, kwa msaada wa Marekani. Tunashukuru. Lakini nao watoka upande ule ule wa bara. Wahenga walituambia, mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Ndiyo maana nawapenda wale kina mama wanaofundishwa Kinyasini, tangu 2015, kufunga na kutengeneza umeme wa jua vijijini. Taa ikizimika, fundi ni jirani, na jua halipiti chini ya bahari.

Na bado sijagusa jikoni. Tangu waya wa kwanza hadi waya wa pili, bibi yangu amepika juu ya mafiga matatu, kwa kuni na makumbi, macho mekundu kwa moshi. Taa inawaka juu ya kichwa chake, moto ni ule ule wa mama yake.

Basi tusihesabu nguzo tu, ndugu zangu. Siku moshi utakapotoka katika jiko la bibi, hapo ndipo nitakaposema umeme umefika Tunguu.