Kivuli cha Titi Kwenye Picha ya Moyo

Leo tunauliza: picha ya moyo yaweza kudanganya? Yaweza, na wanawake wameumia sana kwa hilo.

Tuanzie mbali kidogo. Mwaka 1958 Hal Anger wa Berkeley, Marekani, alichapisha maelezo ya kamera aliyoibuni. Kamera hiyo haitoi miale, hunasa miale itokayo mwilini. Mgonjwa hudungwa dawa kidogo yenye miale, nayo hufuata damu hadi kwenye misuli ya moyo. Damu inapofika vizuri hung'aa, isipofika huwa giza.

Katika miaka ya 1970 dawa iliyoanza kutumika sana ni thaliamu. Miale yake ni dhaifu. Funika taa ya chemni kwa kanga uone: mwanga hupita, lakini umepungua. Titi nalo liko mbele ya moyo, kwa hiyo picha hutoka na giza upande wa mbele, kama kwamba mshipa umeziba. Mama mwenye moyo mzima akarudi nyumbani na hofu, au akaingizwa mpira mwembamba mshipani hadi moyoni, kipimo chenye hatari zake. Wengine nao wakazoea kusema “ni titi tu”, na giza la kweli likapita. (Wanaume msicheke. Kwenu kiwambo, msuli ulio chini ya mapafu, hutia kivuli upande wa chini wa moyo.)

Picha hupigwa mara mbili, moyo ukiwa umepumzika na baada ya kazi ngumu. Titi likihama katikati, giza huja na kutoweka, sawasawa na ugonjwa. Ndiyo maana huambiwa uvue sidiria na ulale vilevile mara zote mbili. Si utovu wa adabu.

Mwaka 1990 Marekani iliidhinisha sestamibi, dawa ya teknetiamu, ambayo miale yake hupenya zaidi. Kisha zikaja picha zinazofuata mapigo ya moyo. Msuli uliokufa haukazi, lakini uliofunikwa na kivuli hukaza kama wenzake. Mwaka 1997 madaktari wa Montreal, Kanada, walilinganisha njia hizi kwa wanawake, na wanawake wazima waliodhaniwa wagonjwa wakapungua.

Ukipelekwa kipimo hiki, kabla ya sindano mwambie fundi kama una mimba au unanyonyesha. Mwambie pia kama uliwahi kukatwa titi au kuwekewa la bandia, aandike kwenye fomu, ili daktari atakayesoma picha ajue kivuli kinaweza kuwa kimetoka wapi.