Malalamiko ya Bibi Bradshaigh: Msomaji na Mhusika katika Riwaya ya Mapenzi ya Karne ya 18

Mtambaji wa hadithi aketiye mbele ya wasikilizaji hawezi kujua kwa hakika hadithi yake itaishia wapi. Wasikilizaji huguna, hucheka, humhurumia huyu na kumlaani yule, na mtambaji mwenye akili huigeuza njia ya hadithi kwa kufuata miguno hiyo. Kitabu kilichopigwa chapa hakina masikio. Hata hivyo, katika historia ya riwaya ya Ulaya kuna kisa ambamo msomaji aliguna kwa sauti kubwa kabla kitabu hakijakwisha kutoka, na mtunzi akalazimika kumjibu. Ni kisa cha Samuel Richardson wa London na Bibi Dorothy Bradshaigh wa Lancashire. Ugomvi wao ulihusu swali ambalo wasomaji wa riwaya za mapenzi wangali wakiligombania: je, mwanamume mwovu mwenye kupendeza astahili kupewa mke mwishoni mwa kitabu?

Richardson (1689–1761) hakuwa mwanachuoni. Alikuwa mwana wa seremala, akajifunza kazi ya upigaji chapa na kuishi kwayo maisha yake yote. Yeye mwenyewe alisimulia uzeeni kwamba alipokuwa kijana mdogo wasichana wa jirani walimwomba awaandikie majibu ya barua za wachumba wao. Pengine hakuna chuo ambacho kingemfaa zaidi. Riwaya yake ya kwanza, Pamela, ilitoka mwaka 1740, naye ana umri wa miaka 51. Inasimulia habari za mtumishi wa nyumbani wa miaka 15 ambaye bwana wake anamvizia, anamfungia na kujaribu kumharibu kwa nguvu. Msichana anakataa, mpaka bwana huyo anabadilika tabia na kumwoa. Wengi walishangilia. Wengine walichukizwa, na mwaka 1741 Henry Fielding alitoa Shamela, kijitabu cha dhihaka ambamo msichana huyo ni mjanja anayejifanya mwema ili apate ndoa. Dhihaka hiyo haikumtendea haki Pamela, lakini iligusa kidonda: riwaya ilikuwa imewafundisha wasomaji kwamba anayekutesa leo aweza kuwa mume mwema kesho.

Riwaya ya pili, Clarissa, yafaa isomwe kama jibu la Richardson kwa kosa lake mwenyewe. Clarissa Harlowe ni binti wa jamaa ya matajiri wanaotaka kumwoza kwa nguvu kwa Solmes, mtu mwenye mali na asiyependeza hata kidogo. Anakimbilia ulinzi wa Lovelace, kijana wa ukoo mkubwa, mzuri wa sura, mwepesi wa maneno, na asherati wa kupindukia. Lovelace anamficha katika nyumba ya makahaba, anamlewesha kwa dawa na kumnajisi. Kisha yuko tayari kumwoa. Hapo ndipo Richardson alipoiacha njia ya Pamela: Clarissa anakataa ndoa hiyo, anatoroka, anadhoofika na kufa, na Lovelace anauawa kwa upanga na Morden, binamu wa marehemu. Katika dibaji mtunzi alitaja waziwazi neno alilotaka kulipinga, yaani usemi wa watu wa siku zile kwamba asherati aliyetubu ndiye mume bora.

Namna kitabu kilivyotoka ndiyo iliyofungua mlango wa ugomvi. Clarissa ina karibu maneno milioni moja, yote katika barua, kwa njia ambayo wasomaji wa Afrika wameizoea tangu Mariama Bâ alipotoa Une si longue lettre mwaka 1979. Richardson aliigawa katika juzuu saba: mbili zilitoka Desemba 1747, mbili Aprili 1748, na tatu za mwisho Desemba 1748. Kati ya fungu la pili na la tatu palikuwa na miezi minane. Muda wote huo wasomaji walimwacha Clarissa mikononi mwa Lovelace, wasiweze kumsaidia, huku habari zikivuma mjini kwamba mwisho ungekuwa wa msiba.

Oktoba 1748 Richardson alipata barua kutoka kwa mwanamke asiyemjua, aliyejiita Belfour. Huyo alikuwa Bibi Bradshaigh, mke wa mkabaila wa Haigh, akitumia jina la uongo. Alimsihi mtunzi amwokoe Clarissa, amfanye Lovelace atubu, awafungishe ndoa. Na kama asipokubali, alimwapiza kwa maapizo yenye nusu ya mzaha, kwamba vijana wote wema wamchukie milele. Tena aliungama kwa haya kwamba hakuweza kujizuia kumpenda Lovelace. Richardson hakugeuka. Kwake yeye, ndoa hiyo isingekuwa thawabu ya Clarissa bali ya mwovu wake. Juzuu za mwisho zilipotoka, Bibi Bradshaigh alizisoma huku akiweka kitabu chini, akizunguka chumbani, akilia, akikiokota tena, mpaka mumewe akamwomba aache.

Ni rahisi kumcheka, na wahakiki wengi wamemcheka. Lakini ndani ya malalamiko yake mna mambo mawili yasiyofanana. La kwanza ni huruma: kwa nini mwanamke aliyedhulumiwa na jamaa yake, kisha na mlinzi wake, aadhibiwe na mtunzi pia? Swali hilo ni la haki, na Richardson alilijibu kwa mbingu tu. La pili ni mapenzi yake kwa Lovelace, na hapo wa kulaumiwa ni mtunzi mwenyewe. Ndiye aliyempa mwovu huyo barua zenye uhai mwingi kuliko zote, akampa kicheko, ushujaa na werevu, halafu akashangaa kuona wasomaji wanampenda.

Kushangaa kwake kuliacha alama ndani ya kitabu. Katika chapa ya pili ya 1749 na ya tatu ya 1751, Richardson aliongeza tanbihi za kuwakumbusha wasomaji uovu wa Lovelace, na sehemu nyingine za kumtia weusi zaidi. Mtunzi akawa kama mwalimu asimamaye nyuma ya mwanafunzi na kumwonyesha kwa kidole sentensi asizopaswa kuzifurahia. Haikufaa kitu. Mwaka uo huo wa 1751 Prévost aliifasiri riwaya kwa Kifaransa huku akipunguza sehemu nyingi, jambo ambalo Diderot alililalamikia mwaka 1762 katika sifa zake za Richardson. Na hata kwa kupunguzwa hivyo, Lovelace aliwavutia Wafaransa kiasi cha jina lake kuwa nomino ya kawaida katika lugha yao, yenye maana ya mtongozaji.

Bibi Bradshaigh na marafiki wengine walimtaka basi mtunzi awape mwanamume mwema. Akawapa Sir Charles Grandison (1753–1754), mtu asiye na doa. Wasomaji wakaona uzito mwingine: mwema huyo alichosha. Zaidi ya miaka mia baadaye Taine aliandika kwa kejeli kwamba yafaa atangazwe kuwa mtakatifu na kujazwa majani makavu kama mnyama wa makumbusho.

Mvutano huo ulirithiwa na biashara kubwa ya riwaya za mapenzi ya karne ya 20. Mwaka 1972, huko Marekani, Kathleen Woodiwiss alitoa The Flame and the Flower, ambamo shujaa anamnajisi msichana, kisha anamwoa na kupendwa. Kitabu kiliuzwa sana na kuigwa sana. Lakini Janice Radway alipochapa mwaka 1984 utafiti wake juu ya kikundi cha wanawake wasomaji katika mji mmoja wa Marekani, alionyesha kwamba wao waliweka unajisi na mwisho wa huzuni miongoni mwa mambo wasiyotaka kabisa kuyakuta katika riwaya ya mapenzi. Kwa hilo la kwanza walikuwa upande wa Richardson. Kwa la pili, upande wa Bibi Bradshaigh.

Wawili hao hawakukosana. Mwaka 1750 walikutana kwa mara ya kwanza, baada ya Richardson kumpelekea maelezo ya umbo lake, mtu mfupi, mnene kidogo, mwenye fimbo, ili aweze kumtambua akitembea bustanini London. Naye alimchunguza kwanza kwa mbali. Waliandikiana mpaka Richardson alipofariki. Dada yake, Bibi Echlin, alitunga mwisho wake mwenyewe wa Clarissa, ambamo unajisi hautokei na Lovelace anatubu, ingawa wote wawili wanakufa. Ulichapwa mwaka 1982. Bibi Bradshaigh alitumia njia nyingine: alijaza maoni pambizoni mwa nakala yake, na kuandika humo mwisho alioutaka. Kisha akampa Richardson nakala hiyo aisome. Sasa imehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Princeton, na maandishi yake yalichapwa mwaka 1998. Humo mwandiko wa msomaji na mwandiko wa mtunzi umekaa katika ukurasa mmoja, huu ukilalamika, huu ukijibu.